Wagonjwa wa Niaba

Sogeeni, na mwenye kikombe cha kahawa akishike vizuri asije akamwagia wenzake, maana habari hii ina mahali pa kucheka na mahali ambapo kicheko kitawakwama kooni. Ni habari ya Bi Hidaya binti Shomvi, fundi wa magodoro, na nchi iitwayo Stahiki. Alifikaje huko? Msinipotezee muda. Walihitaji fundi, wakamwita, akaenda na gunia lake la sufi na sindano zake, basi. Mambo yenyewe yako huko alikofika.

Bi Hidaya kama hamumjui yeye mnawajua wa aina yake. Mjane, mfupi, vidole vimejaa alama za sindano, na ulimi haujui kukaa kimya. Huyu akiingia nyumbani kwa mtu kujaza godoro, kabla sufi haijatoka guniani ameshauliza nani analala upande wa ukutani, na kwa nini huyo, na kama mwenziwe hakulalamika. Watu wa kwao walikwisha kumzoea. Watu wa Stahiki walikuwa bado.

Jambo la kwanza alilokutana nalo lilikuwa ofisi ya pale mlangoni mwa mji. Ofisi nzuri, paa la vigae, upepo unapita. Ndani wameketi makarani, na kila mmoja amefungua mwavuli mkubwa mweusi juu ya kichwa chake. Miavuli inagongana. Karani mmoja akitaka kumpa mwenziwe wino, inabidi wote wawili wainamishe miavuli kwanza kama majogoo wanaotaka kupigana. Na nje, pale pale uwanjani, wapakiaji wa chumvi wanabeba magunia vichwa wazi, jua linawachoma utosi.

Bi Hidaya akamsogelea karani wa kwanza. "Mwanangu, paa linavuja?"

"Hapana mama. Paa ni zima kabisa."

"Sasa mwavuli wa nini?"

Karani akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyetoka mbali. "Mwavuli ni stahiki, mama. Mtu akifika daraja la kukaa ndani hupewa mwavuli."

"Na wale wa juani?"

"Wale hawajafika daraja hilo. Wakijitahidi wataingia ndani, na wakishaingia ndani watapewa."

Bi Hidaya akafungua mdomo, akaufunga. Kwake yeye hilo ni jambo la nadra sana, na ningekuwapo ningelisherehekea.

Basi akaelezwa jinsi nchi ilivyopangwa. Kazi ya nchi nzima ni moja, kuchemsha maji ya chumvi. Watu wa Sakafu huchemsha. Watu wa Kati hupima na kushona magunia. Watu wa Dari huitafakari chumvi. Akauliza kuitafakari chumvi ndiko kufanyaje, akajibiwa kwamba suala hilo nalo linatafakariwa. Na kwa kuwa yeye ni fundi wa kazi ya mikono, akapangiwa kulala kwa watu wa Sakafu, nyumbani kwa mke na mume waliokuwa wakifanya kazi kwenye tanuri moja. Mke akiitwa Siwatu, mume akiitwa Kombo.

Siwatu alikuwa mwanamke mcheshi, mwembamba, na alitoka kumpokea mgeni huku anakohoa, ameshika ubavu.

"Shikamoo shangazi. Karibu, karibu ndani, pita."

"Marahaba mwanangu. Mbona unakohoa hivyo?"

"Ah, kichomi tu. Usijali shangazi, kinashughulikiwa." Akanyanyua mkono, na pale kwenye kifundo amefungwa utepe mwekundu, mpya, unang'aa. Aliuonyesha kama bibi arusi anavyoonyesha pete.

"Kinashughulikiwa na nani? Na huo utepe?"

"Na bwana mmoja wa Dari. Amelala tangu juzi, maskini. Wanasema anaumwa kweli kweli."

"Tumebahatika," Kombo akadakia kutoka jikoni. "Jirani yetu ugonjwa wake alipewa mtu wa Kati. Akauguliwa kizembezembe tu."

Bi Hidaya akamgusa Siwatu shavuni. Moto! Akajua homa imempanda kichwani, anaweweseka. Lakini Kombo hakuwa na homa, naye alikuwa anasema yale yale. Usiku ule fundi wetu alilala na swali kifuani, na mnajua yeye akilala na swali hapati usingizi.

Kesho yake akaenda kazini. Kazi aliyoitiwa ilikuwa katika jumba moja la juu kilimani, jumba la baraza pana na ngazi ndefu, liitwalo Nyumba ya Mapumziko. Magodoro yake yalikuwa yamechoka, na yalivyochoka Bi Hidaya aliyaelewa mara alipoingia. Chumba baada ya chumba, watu wamelala. Wanaume wenye vitambi vya afya, wanawake wenye mashavu yanayong'aa, wamefunikwa shuka nyeupe, wanapepewa, wanaletewa supu ya kuku. Na kwenye miguu ya kila kitanda umefungwa utepe mwekundu.

Akaanza na chumba cha bwana mmoja aliyeitwa Ghalibu. Bwana mkubwa, ndevu zimechanwa, uso wa upole. Alikuwa amelala chali akihema kwa taratibu maalumu, kama mtu anayefanya mazoezi ya kuhema.

"Pole bwana. Unaumwa nini?"

"Kichomi, mama."

"Wapi?"

Bwana Ghalibu akashika ubavu wa kushoto. Akasita. Akahamisha mkono upande wa kulia. "Kusema kweli sijahakikisha. Si changu, unajua. Ni cha mama mmoja wa matanurini."

"Siwatu?"

"Unamfahamu!" Bwana wa watu akainuka kitako kwa furaha. "Alhamdulillahi. Hebu nisaidie, kichomi chake kipo upande gani? Jana nimelalia ubavu wa kulia siku nzima. Kama kipo kushoto nitakuwa nimempotezea siku yake bure, na sipendi kumdhulumu mtu."

Nawaambieni, huyu bwana hakuwa anafanya mzaha, na hilo ndilo lililomshinda Bi Hidaya. Kama angekuwa mlaghai angemtolea maneno ya kumchoma. Lakini Bwana Ghalibu alikuwa mtu mwema. Alikuwa akiinywa dawa ile chungu mpaka tone la mwisho, macho yamemtoka, huku akisema, "Kwa ajili ya yule mama." Alikataa kucheza bao na wenziwe wa chumba cha pili kwa sababu mtu mwenye kichomi hachezi bao. Supu tu ndiyo aliyoinywa kwa moyo mkunjufu, akaomba na nyingine.

"Na yeye Siwatu mwenyewe," Bi Hidaya akauliza, "dawa anapata wapi?"

"Si ndiyo hii nainywa?" Bwana Ghalibu akasema.

Mwenye majibu ya maswali ya namna hiyo alikuwa Karani Mkuu wa Maradhi, Bwana Sanani. Mtu mrefu, mkavu, anatembea na mkasi mfukoni na mwavuli mkononi, humo humo ndani ya jumba. Bi Hidaya akamfuata barazani.

"Baba, mimi ni mgeni, nieleweshe. Kwa nini anayeumwa asilale yeye?"

Bwana Sanani hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuelewesha. "Mama, sisi si wakatili. Zamani sheria ilimpa kila mtu siku zake za kuugua, wa Dari, wa Kati, wa Sakafu, sawasawa. Unajua watu wa Sakafu walizifanyia nini siku hizo?"

"Walizifanyia nini?"

"Hawakuzitumia! Tulizitangaza, tukawaimbia mpaka nyimbo. Hawakuja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kule tanurini, asiyekuja kazini hapati posho. Ndiyo sheria ya tanuri, na sheria ya tanuri iko katika idara nyingine, mimi siigusi. Basi siku zao zikawa zinarundikana, zinaoza. Kuacha neema ioze ni vibaya, mama. Ndipo watu wa Dari, ambao posho yao haikatiki hata wakilala mwaka, wakajitolea. Wakasema, leteni, tutawaugulia."

"Na haikupita akilini mwa mtu kuwalipa posho ile siku wanayolala?"

Bwana Sanani akafikiri kwa dhati. Alifikiri mpaka mwavuli ukamwinamia. "Hapana," akasema. "Hilo halikupita."

Huko nyumbani hali ya Siwatu ilizidi kuwa mbaya. Alikuwa akienda tanurini asubuhi akitembea, na jioni anarudi ameegemea bega la Kombo. Moshi wa tanuri na mvuke wa chumvi vilimwingia kifuani kama vitu vilivyotumwa. Chakula hakishuki. Akikohoa, anashika utepe wake kwa mkono wa pili, na kikohozi kikipita anamwuliza Bi Hidaya, "Bwana yule anaendeleaje? Amepata usingizi?"

"Amepata," Bi Hidaya alikuwa akijibu, na moyo unamwuma.

Siku moja akashindwa kuvumilia. Akapanda kilimani, akamkabili Bwana Sanani mlangoni. "Kitanda kimoja, baba. Nakuomba kitanda kimoja, yule mtoto wa watu apumzike. Atakufa."

"Ana utepe?"

"Anao."

"Basi ugonjwa wake umo kitandani tayari." Akamwonyesha kwa kidole chumba cha Bwana Ghalibu. "Tukimlaza na yeye, tutakuwa na ugonjwa mmoja kwenye vitanda viwili. Huo ni ubadhirifu, mama, na wananchi watatuuliza."

Hata hivyo, kwa kuwa Stahiki ni nchi yenye adabu kwa wageni, Bwana Sanani alimpa nafasi. Baraza la nchi lilikuwa linakutana, na desturi yao ni kwamba mgeni aliyeletwa kwa kazi ana haki ya kuliuliza Baraza swali moja. Swali moja tu! Kwa Bi Hidaya hiyo ilikuwa adhabu. Alilichagua swali lake usiku kucha kama mtu anayechagua tunguli za kwenda nazo vitani.

Akasimama mbele ya wajumbe, wote wameketi chini ya miavuli chini ya dari, akasema, "Waheshimiwa, naomba kuuliza. Katika nchi hii mtu akiumwa, anayepona ni nani?"

Ukumbi ukalipuka. Upande mmoja ukashikilia kwamba anayepona ni mwenye kulala, maana ndiye anayeonekana kunenepa. Upande wa pili ukasema hapana, anayepona ni mwenye utepe, maana utepe wake ndio unaokatwa mgonjwa wake akitangazwa amepona. Mzee mmoja akashauri kwamba kinachopona ni ugonjwa wenyewe, wakamzomea. Mabishano yakawa marefu, chai ikaletwa, ikanywewa, ikaletwa tena.

Mwishowe akainuka mjumbe mmoja kijana, aliyekuwa na sifa ya kuwapenda sana watu wa Sakafu. Sauti ilimtetemeka. "Waheshimiwa, mama huyu ametugusa. Tumekaa na watu wetu wa Sakafu kama wageni. Wanauguliwa na hawajui hata uso wa anayewaugulia! Natoa hoja ya Ziara ya Shukrani. Kila mwenye utepe apewe haki, nasema haki, ya kupanda hapa kilimani kwa miguu yake na kumshukuru mgonjwa wake."

Wakapiga makofi mpaka miavuli ikatikisika. Wengine walifuta machozi. Hoja ikapita hapo hapo, na kwa heshima ya mgeni ikaamuliwa kwamba wa kwanza kuifurahia haki hiyo awe Siwatu. Bi Hidaya akabaki amesimama katikati ya ukumbi, mikono kichwani. Mimi hapo ningetukana, wallahi, na msingenilaumu.

Siwatu alipandishwa kilimani baada ya zamu ya asubuhi. Kombo alitaka kumbeba, akazuiwa, kwa kuwa haki ni ya miguu yake mwenyewe. Kila ngazi alikuwa anasimama na kushika ubavu. Amejifunga kanga yake nzuri, maana anakwenda kumwona mtu mkubwa, na njia nzima anamwuliza Bi Hidaya aseme nini akifika.

"Usiseme kitu, mwanangu. Hema tu."

Wakaingia chumbani. Bwana Ghalibu alikuwa amelala ubavu wa kushoto kama Bi Hidaya alivyomwelekeza, shuka imefika kidevuni. Siwatu akapiga goti. "Bwana, nimekuja kukushukuru kwa..." Kikohozi kikamdaka. Kilimkunja kama kitambaa. Alipokitoa kiganja mdomoni kilikuwa na damu, macho yakamgeuka, akaanguka kwenye sakafu ya vigae.

Bwana Ghalibu akakurupuka. Kwa muda alisimama tu juu ya kitanda, mtu mzima na vazi lake la kulalia, anatazama. Nadhani hakuwahi kukiona kichomi chenyewe.

"Hivi ndivyo kilivyo?" akauliza.

"Ndivyo kilivyo," Bi Hidaya akajibu.

"Na mimi nilikuwa nahema tu." Akashuka, akamshika Siwatu kwapani, Kombo akashika miguu, wakamlaza kitandani. Bwana Ghalibu akamfunika kwa shuka yake. "Kaa hapo, binti. Kaa. Mimi siumwi kitu."

Lo! Neno hilo lilikuwa halijafika ukutani, Bwana Sanani kaingia. Pale mlangoni alikuwa na watu wa kutega masikio. Akamtazama Bwana Ghalibu aliyesimama kwa miguu yake, akatabasamu, akatoa mkasi.

"Bwana Ghalibu amepona! Amesema mwenyewe." Akauchukua mkono wa Siwatu uliokuwa unaning'inia kitandani, akaukata utepe kwa ustadi. "Hongera mama. Umepona. Zamu ya mchana inaanza sasa hivi, tanuri linakusubiri."

Kombo akatoa sauti ambayo Bi Hidaya hakuwahi kuisikia kwa mwanamume. Akamshika Bwana Sanani ukosi wa kanzu, na walinzi wawili wakaingia, wakamkamata. Siwatu alikuwa anajaribu kuinuka. Ndiyo, anajaribu kuinuka aende tanurini, ameshatoa mguu mmoja chini, kwa sababu ameambiwa amepona. Bi Hidaya akamtazama akiuvuta ule mguu wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu afike Stahiki hakuuliza kitu.

"Mwacheni alale!" akapiga kelele. "Asiinuke! Mtaniharibia godoro langu!"

Watu wakaganda. Bwana Sanani akageuka. "Godoro lako?"

"La nani basi? Nimelijaza jana, bado sijalikabidhi. Ninyi huku hamjui kazi ya sufi?" Akajishika kiuno, akawatazama kwa dharau ya fundi. "Sufi mpya ikishajazwa lazima ishindiliwe. Mtu alale juu yake, usiku na mchana, asiinuke, mpaka ikae. Asipolala mtu, inafanya vinundu. Mnataka watu wa Dari walale juu ya vinundu?"

"Vinundu," Bwana Sanani akasema, na rangi ikampotea kidogo.

"Vikubwa, kama viazi."

"Na ushindiliaji huo hufanywa na nani?"

"Na mfanyakazi! Ni kazi ya sulubu, baba. Mtu wa Dari haiwezi, atavunjika mgongo. Mimi kwetu nina watu wa kazi hiyo. Hapa nimemchukua huyu."

"Kumbe ni kazi ya Sakafu."

"Ya Sakafu kabisa."

"Na anakohoa," Bwana Sanani akasema, bado ana wasiwasi.

"Kukohoa ndiko kunakoshindilia. Ukiniondolea mkohozi, unaniletea nani?"

Bwana Sanani akatafakari. Katika Stahiki hakuna sheria inayomruhusu mtu wa Sakafu kulala kitandani akiumwa. Lakini hakuna hata moja inayomkataza kulala kitandani akifanya kazi, na kazi ya kutwa ina posho yake, hilo liko wazi kwa kila idara. Akarudisha mkasi mfukoni, akawaashiria walinzi wamwachie Kombo. "Kazi ni kazi," akasema. "Aendelee."

Ikabaki dawa. Mfanyakazi hapewi dawa wala supu, na hapo akili ya Bi Hidaya ilikuwa imefika mwisho, sufi yote imeisha. Ndipo Bwana Ghalibu, aliyekuwa amesimama pembeni na vazi lake la kulalia, akajikohoza.

"Bwana Sanani, najisikia vibaya."

"Maradhi ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

Jumba zima likashikwa na taharuki. Mtu wa Dari kuumwa maradhi yake mwenyewe, halijapata kutokea! Matabibu watatu wakaja mbio. Wakaleta dawa ile ile chungu, supu, asali, mayai. Bwana Ghalibu akaomba alazwe kwenye mkeka hapo hapo chini, akasema mkeka unampunguzia maumivu, nao wakaandika kwamba mkeka unapunguza maumivu. Na kila walipotoka, yeye huinuka na bakuli, akamnywesha Siwatu kijiko kwa kijiko, taratibu, mkono mmoja umemshika kichwa. Hakuwahi kumlisha mtu maishani mwake. Supu ya kwanza nusu ilimwagikia shingoni, Kombo akamfundisha.

Siwatu akashindilia godoro. Mwanzo alishindilia vibaya, homa inampandisha na kumshusha, anaita watu waliokufa, na Kombo akija baada ya zamu anakaa mlangoni hali wala hasemi. Bi Hidaya aliendelea na kazi ya vyumba vingine huku sikio lake liko chumba kile. Bwana Sanani alipita kila siku, akabonyeza godoro kwa kidole kutafuta vinundu, asivione, akaondoka ameridhika.

Hata asubuhi moja Bi Hidaya akaingia na uzi wake mdomoni, akamkuta Siwatu ameketi. Amenyooka, macho meupe. Ameweka kiganja ubavuni, anavuta pumzi, anaishusha, anavuta tena, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini. "Kimekwenda wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Kichomi. Nakitafuta, sikipati."

Bi Hidaya akatoa uzi mdomoni. "Kimekwisha. Umepona."

Machozi yakamtoka Siwatu, lakini Bi Hidaya alimtazama vizuri akaona si ya furaha. "Mama yangu alikuwa nacho," Siwatu akasema. "Miaka yote. Walimkatia utepe, wakamfunga mwingine, wakaukata. Kila ukikatwa wanamwambia amepona, na sisi tunampigia vigelegele. Alikufa ameshika kuni za tanuri, amepona." Akaugusa tena ubavu wake. "Sikujua, shangazi. Mimi nilidhani kupona ni ule mkasi."

Bwana Ghalibu alikuwa macho kule mkekani. Aligeukia ukuta, akajifunika uso, na siku hiyo hakuigusa supu.

Maneno ya Siwatu yakashuka kilimani na Kombo. Sijui aliyasema namna gani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na pengine hakusema mengi, pengine alimpeleka mkewe mbele ya matanuri akawaambia wenzake, msikilizeni anavyohema. Ninachojua ni kilichoonekana siku Bi Hidaya alipomaliza kazi. Alikuwa ameshafunga mizigo na gunia la sufi iliyosalia, ameshaagana na Siwatu, anateremka zile ngazi ndefu aelekee mlangoni mwa mji.

Akawaona wanapanda. Watu wa Sakafu, waume kwa wake, kila mmoja na mkeka wake kwapani. Wengine wanakohoa, wengine wamefunga vitambaa kwenye majeraha ya moto, mmoja anabebwa mgongoni. Kule bondeni moshi wa matanuri ulikuwa umepungua, na kwenye milango ya matanuri zimefungwa tepe nyekundu, zinapepea. Kombo alikuwa mbele.

Bwana Sanani akatoka barazani, mwavuli umefunguliwa. "Jamani, kuna nini? Mbona hamna tepe? Zimekatika? Tulieni, tutaleta nyingine, nzuri zaidi."

"Hatutaki tepe," Kombo akasema.

"Mnataka nini basi?"

"Tumekuja kuugua wenyewe."

Bwana Sanani akageuka huku na huko. Madirishani wagonjwa wa niaba walikuwa wamejitokeza na shuka zao, wanachungulia. Dirisha la Bwana Ghalibu tu ndilo lililokuwa wazi kabisa, naye alikuwa anatupa nje godoro lake la akiba, kisha la jirani yake, huku jirani analalamika. Karani Mkuu akamwona Bi Hidaya na gunia lake, akamshika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mama, wewe wanakusikiliza. Waambie. Hakuna utaratibu wa jambo hili. Sheria ya tanuri iko idara nyingine. Waambie warudi, tutalitafakari."

Bi Hidaya akawatazama watu wale mmoja mmoja, na mikeka yao, na lile baraza pana lililokuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akauondoa mkono wa Bwana Sanani polepole. Akatua gunia chini, akalifungua, akachomoa sindano kwenye kilemba chake.

"Haya," akasema, "nani analala upande wa ukutani?"